Milimita Moja kwa Siku

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

Dobi alisogeza kidole kwenye kiganja cha mkewe, akagonga polepole kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Koili kwa kazi yake ya kusuka koili za nyaya za mota, alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, mkono wa kulia kautandaza mezani katikati ya mota zilizofumuliwa.

"Gonga na wewe, mume wangu. Mkono si yai."

Akagonga penye shina la kidole cha shahada. Mama Koili akainua nyusi.

"Hapo. Kimewasha huko nchani, kama sisimizi."

Dobi akachora nukta kwa kalamu. Kutoka nukta ya Jumamosi iliyopita ilikuwa milimita sita, labda saba.

Miezi minne nyuma bati la mota lilimkata kifundo cha mkono. Daktari aliunga mshipa wa fahamu, na muuguzi akamweleza kwamba kila seli ya neva inayohisi kidoleni ina kiini chake kando ya uti wa mgongo, huko shingoni, na mkia mrefu unaofika hadi kidoleni. Mkia ukikatwa, kipande cha mbele hufa, kisha ule uliobaki huanza kuota upya. Milimita moja kwa siku, ukijaliwa.

"Kumbe ni waya," alisema Mama Koili siku ile.

"Waya wenye ala ya mafuta," muuguzi akajibu. "Ila umeme wake ni wa chumvi. Chembe za chumvi hupita kwenye vijilango, kimoja kinamwamsha mwenzake, mpaka habari ifike kichwani."

"Ndiyo maana huyu dobi wangu mkali. Chumvi imemzidi."

Walicheka. Lakini kusuka mota ni kazi ya vidole. Waya wa shaba mwembamba kama unywele hupita kati ya vidole ukielekea kwenye mashine, na kidole ndicho kinachojua rangi inayoukinga imechubuka wapi, waya umekaza wapi. Bila kidole, mota huungua kwenye mikono ya mteja. Na Mama Koili hakujua kazi nyingine.

"Usijisumbue na nukta," alisema sasa, akivuta mkono. "Leo yule fundi wa kuchomelea anakuja kuchukua mashine ya kusukia. Nimeshamwambia."

Dobi akabaki na kalamu hewani. "Kwa nini?"

"Jana nilijipima na mita ya umeme. Ncha moja kidoleni, nyingine kwenye kifundo. Mshale haukutikisika. Waya umekufa, baba. Mimi nazijua nyaya."

Dobi alichukua mita rafuni, akaweka ncha kwenye kidole cha mkono wa kushoto wa mkewe, ule mzima, na kwenye kifundo chake. Mshale ukalala vilevile, hauna habari.

"Basi na huu tuuzike?" akauliza, akaufinya.

"Aa! Unaniumiza, mzee wewe."

"Maiti anasema."

Mama Koili aliutazama mshale, akautazama mkono, akacheka mpaka kreti likalia. Miaka ishirini na mita ile, na jana ilikuwa imempima ngozi tu, si neva.

Mkokoteni ukasimama mlangoni. "Shemeji, nimefika," fundi wa kuchomelea akaita.

"Ngoja hapohapo. Nisuke koili moja. Ikinishinda, beba."

"Hata mbili, shemeji. Sina haraka."

Akapitisha waya kati ya kidole cha shahada na dole gumba, kushoto akashika mpini, akaanza kuzungusha. Dobi alihesabu kimoyomoyo. Mzunguko wa thelathini na nane, waya ukakatika. Mama Koili, macho kwenye mpini, akaendelea kuzungusha, thelathini na tisa, arobaini, vidole vikiwa vimebana hewa.

Fundi wa kuchomelea akaingia hatua moja. Dobi akamzuia kwa kiganja.

"Hajamaliza," akasema.

Mpini ukasimama. Mama Koili alijua sasa. Angeweza kutazama, waya ulikuwa palepale juu ya meza, lakini aligeuza uso ukutani. Akaweka kidole cha shahada juu ya koili, akaanza kuufuata waya, taratibu, akiitafuta kwa kidole tu ncha iliyokatika.