Taa Iliyowaka Bila Waya

Jembe la posa la Jailos nililiingiza ndani kwa mikono yangu. Kwetu Kihesa, Iringa, binti akiliingiza jembe amekubali. Akilitoa nje amekataa, na hakuna wa kumuuliza zaidi. Mwaka wa pili huo jembe limekaa nyuma ya mlango, na Jailos, fundi wa mtambo wa redio kule Mbeya, kila akituma salamu anasogeza ndoa mbele. Kisha jirani yetu Severina, katoka huko, akanichoma: ati kila jioni kuna msichana anamshikia taa.

Nilipanda basi kesho yake. Wivu ndio ulionisafirisha.

Niliwakuta nje ya kibanda cha mtambo, jua likizama. Msichana amesimama chini ya waya mnene wa mtambo, kashika tyubu ndefu ya taa inayowaka nyeupe. Jailos anacheka kile kicheko nilichodhani ni changu peke yangu.

"Ugonile, dada. Mimi Tusekile," akanisalimu kwa Kinyakyusa.

Sikuitika. Nilimpokonya ile tyubu, nikaipapasa huku na huku nitafute waya niung'oe, wabaki gizani na aibu yao. Waya haukuwepo. Taa ikaendelea kuwaka mkononi mwangu.

"Tekla, hiyo ilishatupwa," Jailos akasema. "Taa hizi huungulia kwenye ncha, pale umeme unapoingilia. Hapa hauingilii popote. Nguvu ya mtambo inapenya kioo, inaamsha mvuke wa zebaki ndani, na mvuke unawasha ule unga mweupe. Hakuna ncha ya kuungua, ndiyo maana itadumu miaka."

"Haikufungwa na kitu?"

"Haikufungwa na chochote."

"Nikienda nayo Iringa?"

"Itazima. Lazima iwe karibu."

Alijibu upesi, kifundi. Kisha akamtazama Tusekile, si mimi. Tusekile akainamisha macho.

Nilimchukia yule msichana. Nilichukia hata vidole vyake vilivyoizoea ile taa. Nikaenda nayo mbali na waya. Ikafifia, ikazima, nikabaki na kioo cha baridi. Nikarudi nikamkabidhi Tusekile mwenyewe. Ikawaka kabla hajaishika vizuri.

Kihesa nilifika nimechoka. Kabla ya kuvua viatu nilichukua lile jembe nyuma ya mlango, nikaliegemeza nje.