Komeo la Mjomba

Shuka zilitoka kwenye mashine zikifuka mvuke, na Kimya akazikunja pembe kwa pembe bila kumtazama mtu. Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, kwa kuwa angeweza kumaliza zamu nzima bila kufungua mdomo. Leo msimamizi alikuja kumuuliza alichoambiwa na daktari, maana wakubwa hawataki mtu mwenye matatizo ya kichwa karibu na mashine za moto. Kimya akajibu kuwa ni uchovu tu. Hakuzoea kusema uongo.

Msimamizi huyohuyo ndiye aliyempeleka kwa daktari, baada ya king'ora cha moto kulia na Kimya kukutwa chini ya meza ameziba masikio, hasikii anayemwita. Daktari alimhoji kwa muda mrefu, kisha akamwambia ana usonji, yaani ubongo wake hupokea sauti na watu kwa namna tofauti na wengine. Amezaliwa nao, si ugonjwa, hauna dawa. Kimya akauliza kama watu wa namna hiyo hufungiwa. Daktari akacheka, akidhani ni utani, akamwita mgonjwa mwingine.

Haukuwa utani. Uani kwa mama yake kulikuwa na chumba chenye komeo kwa nje, na ndani yake aliishi mjomba, mdogo wake mama. Aliziba masikio lori likipita. Alirudia maneno ya mwisho ya kila aliyesema naye. Nyumbani walisema amerukwa na akili, na kwamba jicho lake moja liliharibika alipoanguka kisimani, basi yakaisha. Daktari alipokuwa anaeleza, Kimya alikuwa anamwona mjomba akilini.

Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa mama, akamkuta jikoni anamenya viazi.

"Mama, daktari anasema nina usonji."

Mama hakuuliza usonji ni kitu gani. Aliweka kisu chini, akaenda kwanza kufunga mlango wa mbele.

"Nani mwingine anajua?"

Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini kama vile kuta zina masikio. Zamani mjomba alikuwa mbeba mizigo sokoni. Siku moja walinzi walimsimamisha, wakamuuliza maswali, naye badala ya kujibu akatimua mbio. Watu wakamdhania mwizi, wakampiga. Jicho lake moja liliharibikia hapo. Ile habari ya kuanguka kisimani waliitunga baadaye. Polisi walisema familia imfungie, la sivyo watamfungia wao. Na Kimya alipoanza kuziba masikio kama yeye, mama akaanza kumfinya kila alipokwepa macho ya wageni.

"Yeye nilimfungia asije akauawa," mama alisema. "Wewe nilikufinya nisije nikakufungia."

Kimya alitaka kukasirika. Alichokipata ni woga tu, uleule wa mama. Mama alikuwa anamsihi asimwambie mtu, hata dada yake, na kila neno lilikuwa na mantiki. Kazi ingeota mbawa. Baadaye kingefuata nini? Kimya akajiona ndani ya chumba kile, akisikiliza nyayo za watu uani.

Akainuka, akatoka uani, akavuta komeo.

Mjomba alitoka hatua mbili, akafunika uso kwa viganja kwa sababu ya jua. Kimya akaketi kizingitini. Ng'ambo ya ukuta mfupi, jirani aliacha kuanika nguo.

"Funga, mwanangu," mama alisema kutoka jikoni. "Watamwona."

"Watatuona," Kimya alisema.

"Watatuona," mjomba akarudia.

Jirani aliwaita watoto wake waingie ndani upesi, kisha akatoka kwa haraka kuelekea barabarani. Mama akaja. Kimya alidhani anakuja kufunga, akashika ubao wa mlango kwa mikono miwili. Lakini mama alikwenda kusimama upande wa jua, kivuli chake kikamwangukia mdogo wake usoni, na mjomba akateremsha viganja taratibu.

Wote watatu walikuwa wanasikiliza lango, nani atalisukuma kwanza.