Kichwa cha Fisi wa Akfadou

Katika vijiji vyote vya msitu wa Akfadou hakuna aliyeua fisi wengi kama mimi. Arobaini hawapungui. Niseme ukweli, wote walikuwa kondoo. Mke anayetaka mumewe apumbae hunijia, nami humpa ubongo wa fisi uliokaushwa na kusagwa, autie kwenye kuskusi anayokula mumewe. Wa kondoo nao hufanya kazi, maana wanaume wengi wameshafika nusu ya njia.

Mialoni ilipoanza kuchipua, Mokrane wa chuo kikuu akafunga kamera kwenye miti, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita. Kazi ya kubadilisha betri akanipa mimi, kwa kuwa huko ndiko ninakookota kuni. Haikupita wiki, akatokea fisi. Fisi wa kweli, jike, na watoto wawili. Mokrane akabandika picha kwenye ukumbi wa kijiji.

Siku hiyo hiyo akanijia Faroudja, ambaye mumewe Boualem alikuwa anaoa mke mwingine.

“Bibi, ulichonipa mwaka jana kilikuwa bure.”

“Boualem kichwa kigumu, mwanangu.”

“Akimleta yule, mimi narudi kwa baba na watoto wanabaki kwake. Sasa fisi yupo. Na kichwa nikione kwa macho yangu.”

Ningekataa, jina langu lingeishia kisimani kwa wanawake. Nikatoa betri kwenye kamera, nikampeleka kaka yake Faroudja kwenye pango la fisi, na mtego wake wa chuma. Fisi alichukua siku mbili kufa. Nilikuwa nikimsikia nikiokota kuni.

Kichwa kikaletwa guniani. Faroudja akakitazama, akanibusu mkono, akaondoka. Nikashika shoka ili nikipasue. Macho yalikuwa wazi, yananitazama kama mama mkwe. Mkono ukakataa. Asubuhi nikakirudisha pangoni, kisha nikamsagia Faroudja kondoo.

Wiki ikapita. Akaja na kikapu cha mayai.

“Amekula sahani mbili, akaomba ya tatu. Lakini harusi ni Alhamisi, na leo Jumanne. Kimebaki kidogo?”

“Kimebaki,” nikamwambia. “Fisi yule alikuwa na ubongo mwingi.”

Hapo akaingia Mokrane na kompyuta yake, macho mekundu.

“Jike alipotoweka, nilificha kamera ya pili pale pangoni,” akasema. “Sikumwambia mtu, hata wewe. Tazama.”

Nikajiona, na kilemba changu, naweka kichwa mlangoni mwa pango na kufuta mikono kwenye majani. Halafu watoto wakatoka. Wakakinusa. Mmoja akanyonya sikio. Wakalala wamekiegemea. Siku ya tatu alitoka mmoja tu. Siku ya nne hakutoka yeyote.

“Kwa nini, bibi?” Mokrane akauliza.

Faroudja alikuwa ameshainamia kompyuta. Watoto wa fisi hakuwatazama.

“Kichwa kizima hiki,” akasema polepole. “Hakijapasuliwa popote. Bibi, Boualem alikula nini?”

“Huyo ni fisi mwingine, mwanangu. Wako nilimpasua kwa mkono wangu.”

Mokrane akafuta pua kwa mkono wa shati.

“Mwingine yupi?” akasema. “Nimetazama picha za msitu mzima. Jike alikuwa huyo mmoja tu.”