Kikapu cha Sauti za Musoki

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, Consolée alifagia chumba chake pale Bwera. Alikusanya maganda ya maharage, majivu kidogo, na sauti zilizodondoka tangu jana. Za jogoo zilikuwa nyekundu na nzito. Za mvua juu ya bati zilikuwa ndogo kama dagaa. Nyimbo alizomwimbia binti yake Musoki zilikuwa zimelala kando ya mkeka, nyepesi kama maganda ya vitunguu. Zote zilikuwa zimefika kwenye masikio ya mtoto, zikagonga, zikaanguka.

Jirani yake, Mama Anastasie, alichungulia mlangoni.

"Consolée, weye sasa unafuga takataka?"

"Ni ya Musoki, mama. Haiingie."

"Ya batoto bangu iliingia yote. Ni adabu tu ndiyo ilibakia inje. Peleka kwa sista, apime."

Musoki alikuwa na miezi miwili. Alizaliwa kabla ya wakati, akawa wa manjano hadi kwenye macho, akachomwa sindano siku saba. Siku ya kutoka wodini, mkunga mmoja alimwambia Consolée kwamba watoto wa namna hiyo hupimwa masikio mapema, maana asiyesikia akisaidiwa mapema hupata lugha pamoja na wenzake. Neno hilo halikumtoka kichwani.

Alimfunga mtoto mgongoni, akajitwika kikapu, akaenda kwenye kituo cha afya.

Sista Phionah alifungua kadi ya Musoki. Penye "anasikia" palikuwa na alama ya ndiyo, iliyowekwa siku aliyozaliwa, kama walivyowekewa watoto wote waliolia vizuri. Sista alipiga makofi matatu karibu na sikio la mtoto. Makofi yote matatu yalianguka mezani. Aliyaokota, akayatia kikapuni, akakiweka kikapu kwenye mzani wa watoto.

"Kilo mbili na nusu," alisema. "Mama Musoki, hii inashinda mwenyewe siku alizaliwa."

"Basi niandikie, sista, nimupeleke Kampala."

"Kampala hawakubali kikapu. Wanataka karatasi ya mashini."

"Na mashini iko wapi?"

"Iko kwa stoo."

Kitu kilichopimwa kituoni hakiruhusiwi kutoka bila saini, kwa hiyo Nobert, mtunza stoo, aliitwa aje akipokee kikapu. Alifungua mlango wa stoo mara moja. Juu ya meza ilikaa mashine ya kupima masikio, ndogo kama redio ya mfukoni, ndani ya plastiki yake, imefungwa utepe mwekundu.

"Inapima dakika ngapi, mukubwa?" Consolée aliuliza.

"Dakika tano. Lakini mtoto lazima alale."

Wote wawili walimtazama Musoki. Alikuwa amelala fofofo.

"Haijafunguliwa rasmi," Nobert alisema kwa upole. "Mgeni rasmi alikuwa aje mwezi wa pili. Tena mwezi wa tano. Sasa tunangoja barabara ikauke."

Sakafu ilikuwa na unyevu, kwa hiyo alikiweka kikapu juu ya mashine.

Habari zilienea. Akina mama walishuka kutoka Bwesumbu na magunia ya sauti zilizodondoka kwa watoto wao. Wa Kasenyi walileta zao kwenye mabeseni ya samaki. Sista Phionah alichora safu mpya kwenye daftari, akaiita "uzito wa sauti". Stoo ilijaa hadi dirishani. Nobert alilalamika mara moja tu, siku gunia moja lilipowika akiwa anakula.

Kila Jumanne Consolée alileta za wiki. Njiani alikuwa akiimba, na nyimbo zilizopitia mgongoni kumfikia mtoto hazikudondoka nyingi. Hizo hazikupimwa.

Mgeni rasmi alifika Musoki akiwa ameanza kutembea, bado hajasema hata "mama". Mashine haikufikika tena chini ya magunia, kwa hiyo utepe mwingine ulifungwa kwenye kitasa cha stoo, ukakatwa hapo. Mgeni alihutubia kwa muda wa saa mbili juu ya umuhimu wa kuwapima watoto wachanga. Hotuba ilikuwa nzuri. Musoki alikaa mstari wa mbele, akicheza na kipande cha utepe, na hotuba yote ikaanguka miguuni pake.

Mgeni alipoondoka, Consolée aliazima ufagio, akaizoa, akaipeleka mzanini. Ilikuwa na kilo kumi na moja. Sista Phionah aliuandika uzito huo kwenye kadi ya Musoki, chini kidogo ya ile alama ya "anasikia".