Steringi Arithi Kibanja

Jumamosi ile ya mwaka 1953 gari la sinema lilipofika Nyaishozi, Kyarimpa alikuwa akimenya ndizi. Alinawa utomvu, akaichukua nyundo ya marehemu mumewe, akaenda nayo uwanjani. Mumewe, Rwezaura, alikuwa mhunzi, na katika ukoo wao siku ya kuanua matanga mwenye nyundo ndiye mwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa. Matanga yalikuwa yanaanuliwa Jumatatu. Hakuthubutu kuiacha nyumbani, maana shemeji yake Rwegoshora alikuwa na mkono mrefu.

Picha, iliyomulikwa kwenye shuka lililotundikwa uwanjani, ilikuwa ya mzungu anayetafuta hazina. Jamani, mwanamume yule! Alivuka kinamasi, shati likabaki jeupe pe. Pango lilimwangukia, nywele zikabaki na njia yake ya kitana. Mamba walimkosa, mishale ilimkosa, hata jasho lilimkosa. Wapagazi wake saba walikufa mmoja mmoja bila kuulizwa majina, naye kila mara alivua kofia, akaivaa, akaendelea. Kyarimpa alimtazama viganja. Havikuwa na sugu hata moja.

"Ptuu!" alisema. "Huyu hajawahi hata kufunga mbuzi."

Hazina ilipopatikana haikumtosha mzungu. Alishuka kutoka kwenye shuka, akapita katikati ya watu waliokaa chini, nao wakakunja miguu kumpisha. Alimwinamia Kyarimpa kwa adabu, akaitwaa nyundo mapajani pake, akapanda tena shukani na kuiinua juu. Muziki ukapigwa. Watu wakashangilia, na Rwegoshora akawashinda wote kwa makofi.

"Mwizi!" Kyarimpa alipiga kelele.

"Shemeji, kaa chini," Rwegoshora alisema. "Unawaziba watu."

Picha ilipokwisha Kyarimpa alimwendea Apolinary, mwendesha mashine. "Mwanangu, mtu wako kanichukulia nyundo."

Apolinary aliupitisha mkanda mbele ya taa. Nyundo ilikuwemo. "Kweli, mama. Ila huyu ni steringi, na picha yenyewe ni ya kutazamwa na watoto. Humu steringi haibi. Akichukua kitu, kitu hicho kinaitwa hazina."

"Na mimi naitwa nani?"

Apolinary aliutazama mkanda tena, hakuwa na haraka. "Wewe humu haumo, mama."

Jumatatu wazee wa ukoo walikunywa rubisi, pombe ya ndizi, wakamsikiliza Kyarimpa hadi mwisho. Hakuna aliyembishia, maana wote walikuwepo na wote walishangilia. Wakaamua kwa haki: Rwegoshora hana nyundo, Kyarimpa hana nyundo, kibanja ni cha steringi. Kwa kuwa steringi halimi, Kyarimpa aliachiwa jembe. Kwa kuwa hayupo, Rwegoshora alikubali, kwa uchungu mwingi, kumpokelea kahawa yake.

Mwaka uliofuata gari lilirudi. Kyarimpa akaambiwa ampelekee mwenye shamba mkungu wa kwanza. Alichagua uliokatwa muda uleule, utomvu ukichuruzika, kwa sababu doa la utomvu wa mgomba halitoki nguoni hata ukifua kwa majivu. Steringi aliposhuka, alimbandika mkungu kifuani na kuukandamiza kwa nguvu zake zote.

Steringi aliupokea, akatabasamu, akapanda shukani. Shati lilikuwa jeupe pe. Kyarimpa alijitazama: utomvu wote ulikuwa kwenye gauni lake, gauni pekee la kwendea kanisani. Watu walikuwa wanapiga makofi. Akakaa chini, asije akawaziba.