Samaki wa Shemasi Crum

Kule pwani ya Florida, upande wa Ghuba ya Meksiko, mchumba haombwi sebuleni. Baba wa binti anakupeleka kwanza kuvua, akuone unavyoshika mshipi na kama unajua kunyamaza. Tolliver Meeks alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu majira ya baridi. Alimtaka Odessa Crum, na Odessa alimtaka yeye. Kilichobaki ni neno la baba mtu, Shemasi Harlan Crum wa kanisa la Wabaptisti, ambaye alishatangaza kwamba bila idhini yake harusi hakuna.

Basi Jumamosi moja mwishoni mwa Machi, maji yalipoanza kupata joto na samaki wa madoadoa walipokuwa wanasogea kwenye nyasi za maji mafupi kutaga, Shemasi akaja kupiga honi nje kwa Tolliver.

"Toka, bwana mdogo! Samaki hawamsubiri bwana harusi!"

Mashua ya Shemasi haikwenda mbali. Bado waliona nyumba za ufukweni, na chini ya mashua waliona nyasi zenyewe zikilala na mkondo. Walitundika kamba hai kwenye ndoana chini ya boya, wakarusha, na maboya yakawa yanazama kabla hata hayajatulia. Shemasi alikuwa anatafuna tumbaku na kutema kwenye kopo, mate mengine yakibaki kwenye ndevu. Aliyafuta kwa kiganja, na kiganja hichohicho akakitumbukiza kwenye ndoo ya chambo. Tolliver akatazama pembeni. Hayo mtu anaweza kumvumilia mkwe wake.

Kilichomchefua ni sanduku la barafu. Sheria ya pale kila mvuvi ana idadi yake ya samaki kwa siku, na samaki aliyezidi kipimo anarudishwa majini, kwa kuwa hao wakubwa ndio mama wenye mayai. Shemasi alitimiza idadi yake mapema mno, na Tolliver akaanza kukunja mshipi akijua wanarudi nyumbani. Wapi! Shemasi akavua mwingine, mnene kidogo kuliko wa kwanza. Akafungua sanduku, akamchomoa mdogo aliyeshakauka kwa baridi, akamtupa baharini. Mkubwa akachukua nafasi yake. Akavua tena, akatupa tena.

"Shemasi, huyo ameshakufa," Tolliver akasema.

"Ndiyo maana halalamiki," Shemasi akajibu, akacheka mpaka tumbaku ikamwingia kooni.

Hazikupita dakika nyingi, mashua ikawa imezungukwa na samaki wanaoelea matumbo juu, weupe, macho yamekodoka. Mmoja alikuwa amepasuka na mayai yake ya njano yanamtoka taratibu. Tolliver akaweka mshipi chini. Mtu mzima huyu! Mtu anayesimama kila Jumapili na sahani ya sadaka, anawahubiria wenzake habari za uchoyo! Ptuu!

Kisha Shemasi akavuta majimama mawili, kila moja urefu wa mkono. Wala hakugusa ubao wa kipimo.

"Hawa ni wa mezani leo. Mama Dessa anapenda mayai ya samaki kupita kiasi."

Tolliver akafungua mdomo aseme. Akamkumbuka Odessa, akaufunga.

Hawakukaa sana, mara mashua ya askari wa uvuvi ikachomoza nyuma ya kisiwa. Askari mwenyewe, Bwana Pruitt, alikuwa muumini wa kanisa lilelile. Akawatazama wale samaki waliokuwa wanaelea, akapanda, akafunua sanduku, akalaza yale majimama kwenye kipimo.

"Nani kawavua hawa wawili?"

Shemasi akatazama mawingu kama mtu anayengoja mvua. Halafu akamgeukia Tolliver polepole, akamkazia macho, na macho yale yalikuwa yanauliza swali moja tu: binti yangu unamtaka au humtaki?

"Ni mimi," akasema Tolliver.

"Na hii mizoga?"

"Mimi pia."

Bwana Pruitt akakunja uso. "Kijana mwenye akili zako timamu! Unaua mama na mayai yake, wengine unawatupa kama takataka? Huoni aibu hata mbele ya Shemasi?"

Shemasi naye, bila haya, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nilimwambia, ndugu yangu. Nimesema mpaka nimechoka. Vijana wa siku hizi hawasikii."

Askari akaandika faini kwa jina la Tolliver, akachukua yale majimama, akaondoka hata bila kumuaga. Shemasi akampiga Tolliver pajani kwa kile kiganja chake cha tumbaku.

"Mwanaume wewe!"

Jioni walikaa mezani kwa akina Crum. Shemasi alishukuru Mungu kwa sala ndefu, kisha akaanza kuhadithia, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Hakupepesa hata jicho, mbele ya askari! Huyu ni wetu kabisa. Dessa, nimekubali, pangeni tarehe!" Bi Imogene, mkewe, akacheka na kumwongezea mgeni samaki wa kukaanga. Tolliver akatafuna. Nyama ilimteleza mdomoni, na alijichukia, maana katikati ya kinyaa chote hicho alikuwa amefurahi. Akainua macho amtazame mchumba wake.

Odessa hakuwa anacheka.

"Ni baba aliyewavua?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema ni wewe."

"Kwa ajili yako, Dessa."

"Yangu mimi?" Odessa akasukuma sahani. "Nimekulia na mwongo mmoja humu ndani, kila Jumamosi nampigia pasi shati lake la kanisani. Wa pili wa nini? Baba kakupenda, nawe umempenda. Basi oaneni nyinyi wawili."

Akainuka, akaenda zake, na mlango wa nyuma ukajibamiza. Bi Imogene akainamia kitambaa cha meza. Shemasi alicheka peke yake kidogo, akaacha, akasukuma sinia upande wa mgeni.

"Atapoa tu. Kula, mwanangu."

Na Tolliver, Mungu amsamehe, akachukua kipande.