Ambulensi ya Nyumbu FC

Namalwa alikuwa ameinamia karai tangu asubuhi, na sabuni ilikuwa imekataa kutoa povu. Maji ya kisima cha Kitengela yana chumvi. Ukiyafulia, nguo hukauka ngumu kama kadibodi, na rangi yake hufifia kila wiki. Zamani, Nyumbu FC ilipokuwa ligi kuu, lori la maji matamu lilifika uwanjani kila Ijumaa na hakuna aliyeuliza bei. Sasa klabu ilikuwa imeshuka daraja mara mbili. Mdhamini alikuwa amekwenda zake, na kampuni yake ikatuma wakili kusema haitaki jina lake lionekane tena kwenye jezi zile. Namalwa ndiye aliyelifunika kwa mkono, akishona kitambaa cheusi kifuani, jezi baada ya jezi.

Leo kulikuwa na nguo nyingine karaini. Koti jeupe, refu, la Wanyama, muuza nyama wa buchari. Alikuwa amelisugua mpaka vidole vikamwasha, lakini doa la damu ya ng'ombe kwenye mkono wa kulia lilibaki pale pale, limepauka tu na kuwa rangi ya chai.

"Mama Sheryl, koti imekauka?"

Alikuwa Obura, mwenyekiti wa klabu, amevaa tai kama mtu anayekwenda kortini.

"Bado. Hata mimi bado sijakubali, mwenyekiti."

"Si ulikubali jana?"

"Jana ulisema nikae tu kando ya gari. Leo Brayo ananiambia nitaitwa nesi."

"Sasa mtu wa koti nyeupe kando ya ambulensi aitwe nani? Fundi wa mabomba?"

Namalwa hakucheka. Sheria ya ligi aliijua. Timu ya nyumbani isipoleta ambulensi na mhudumu wake, mechi haichezwi, na wageni hupewa ushindi wa mezani. Nyumbu walikuwa wameshapoteza mechi mbili hivyo. Ya tatu ingewafuta ligini kabisa. Na klabu ikifutwa, mwenye shamba alikuwa amesema wazi kwamba uwanja utakatwa ploti. Mawe ya mipaka yalikuwa yameshapandwa nyuma ya goli. Ndani ya mawe hayo kilikuwamo chumba cha Namalwa, kilichoungana na cha kubadilishia nguo. Alipewa chumba hicho badala ya mshahara, akakaa humo na binti yake Sheryl. Mdogo wake Brayo, winga wa timu, alilala stoo, juu ya magunia ya mipira iliyopasuka.

"Na mtu akiumia?" aliuliza.

"Hakuna mtu ataumia."

"Mwenyekiti, ni mpira."

Obura alilegeza tai. "Ambulensi ya kweli inataka pesa kabla iwashe injini. Nimewapigia wote mpaka Ngong. Wewe niambie nifanye nini."

Brayo alitokea stoo, amebeba viatu vyake. "Sista, ni hii mechi tu. Leo ikipita, tutajipanga. Tafadhali."

Namalwa alikamua koti, akalianika.

Gari lilifika saa sita. Lilikuwa la Muhumed, aliyesambaza maziwa ya ngamia kutoka Isinya, gari jeupe lenye harufu ya maziwa yaliyoanza kuganda. Obura alibandika msalaba ubavuni kwa utepe mwekundu wa mafundi wa stima. Ndani, juu ya kreti za maziwa, waliweka godoro. Pembeni walisimamisha mtungi mdogo wa gesi ya kupikia, wameuvisha foronya.

"Oksijeni," Obura alisema.

"Hiyo ni meko," Namalwa alisema.

"Ikiwa ndani ya foronya, ni oksijeni."

"Walahi, mimi nilikuja na maziwa," Muhumed alisema, akitazama gari lake kama mtu aliyeibiwa, "sasa nimekuwa daktari."

Sydney, kamishna aliyetumwa na ligi kukagua mechi, alifika na miwani ya jua. Alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma. Akagonga mtungi kwa kalamu, ukalia tupu. Akanusa.

"Hii ambulensi inanuka maziwa."

"Wagonjwa wanakunywa maziwa, bosi," Muhumed alisema.

Sydney alimgeukia Namalwa. "Sista, umefanya kazi hospitali gani?"

Obura akawahi kujibu: "Huyu amefanya kazi Bungoma miaka mingi." Ilikuwa kweli. Alikuwa akipalilia mahindi.

Kamishna alitazama doa lililokuwa mkononi mwa koti, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu. "Mwenyekiti, ile mbuzi imeiva?"

"Iko mezani, mkubwa."

"Basi mechi ichezwe."

Wakaondoka pamoja kuelekea moshi wa nyama. Namalwa alibaki ameshika mlango wa gari. Kama yule mtu angedanganyika, Namalwa angalau angejiambia kwamba wamedanganya mtu. Kilichomtia baridi ni kwamba Sydney aliona kila kitu, akatabasamu, akaenda kula.

Mechi ilianza. Wageni walikuwa vijana wa Kajiado mjini, wepesi, wasioogopa kugongana. Uwanja ulikuwa mkavu, na kila teke liliinua vumbi. Watu walitazama mpira. Namalwa alitazama miguu. Kila aliyeanguka, yeye aliinuka kwenye kiti. "Amka, baba," alinong'ona. "Amka, tafadhali." Akiamka, alikaa. Mwingine akianguka, alisimama tena. Mgongo wa koti ulikuwa umeloa jasho.

Brayo alifunga bao kabla ya mapumziko. Mashabiki waliruka, Obura akamkumbatia mtu asiyemjua. Namalwa alikuwa akimtazama kipa wa wageni, aliyekuwa bado amelala chini. Kipa alipojipangusa na kusimama, ndipo alipopumua.

"Mama, umefanya nikose raha," Muhumed alisema. "Kaa chini. Mungu yupo."

"Yupo. Lakini hajaletewa koti."

Kipindi cha pili kilikuwa kimekwenda sana wageni walipopata kona. Mshambuliaji wao, kijana mrefu aliyeitwa Lemayian, aliruka juu ya mabeki wote, na kipa wa Nyumbu akaruka naye. Milingoti ya goli ilikuwa mabomba ya chuma. Kichwa kilipogonga, sauti ilifika mpaka kwenye gari.

Lemayian hakuamka.

"Nesi! Nesi!"

Namalwa alikimbia. Baadaye hakukumbuka kukimbia, alikumbuka tu koti likimpiga magotini. Kijana alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, weupe mtupu, na uzi mwembamba wa damu ulikuwa ukitoka sikioni. Namalwa alipiga magoti. Alijua kutoa damu kwenye kitambaa. Jinsi ya kuizuia isimtoke mtu, hakujua.

"Mwekee oksijeni, madam!" Kocha wa wageni, mtu mnene aliyekuwa akitweta, alipaza sauti. "Unangoja nini?"

"Tumpeleke hospitali," Namalwa alisema. "Muhumed! Leta gari!"

Obura alifika, akainama sikioni mwake. "Gari haiendi popote. Ikitoka, refa anasimamisha mechi. Tunaongoza, Mama Sheryl. Mmwagie maji, atakuwa sawa."

"Hatakuwa sawa. Muangalie."

Sydney alisimama juu yao, kijiti cha meno mdomoni. "Sheria ni hiyo. Ambulensi ikiondoka na nyingine isifike, mechi imevunjika, na timu ya nyumbani ndiyo inapoteza."

"Kwa hivyo ambulensi haifai kubeba mgonjwa?"

"Inafaa," kamishna alisema. "Ni nyinyi mtajua mnataka nini."

Kocha alimshika Namalwa bega. "Oksijeni, madam! Mtoto wa watu anakufa!"

Namalwa aliona chumba chake. Aliona kitanda cha Sheryl, na vitabu vyake kwenye boksi la sabuni. Aliona mawe ya mipaka. Hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilipanda mpaka kooni, na ilipofika hapo ikatoka kama sauti.

"Koch, mimi si nesi. Mimi nafua jezi. Ile si oksijeni, ni meko, na hata gesi haina. Lakini gari iko na magurudumu. Mbebeni."

Kocha alimtazama kana kwamba ametukanwa. Wachezaji walitazamana. Aliyesogea kwanza alikuwa Brayo. Alivua jezi, akaikunja chini ya kichwa cha Lemayian.

"Nimeshika kichwa," alisema. Hakumtazama dada yake. "Nyinyi shikeni mabega na miguu. Polepole."

Walipomlaza kwenye godoro, kocha alipanda mbele na Namalwa akaingia nyuma. Obura alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono imetanuliwa, tai imerukia begani.

"Mama Sheryl, ukitoka hapa usirudi kwa hiyo nyumba. Si mimi nasema. Hakutakuwa na nyumba!"

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa kama yeye. Muhumed alitoa kichwa dirishani.

"Mwenyekiti, songa. Breki ya hii gari si nzuri."

Obura akasonga.

Kwenye barabara ya Namanga malori yaliona msalaba mwekundu, yakapisha. Kila mtu aliamini. Mkono mmoja wa msalaba ulikuwa umebanduka, ukipiga bati kwa upepo, na ndani harufu ya maziwa ilichanganyika na ya damu. Namalwa alikishika kichwa cha kijana katikati ya mapaja yake kila walipopita tuta.

"Yeyo," Lemayian alisema.

Neno hilo alilijua kutoka kwa wanawake wa Kimaasai waliomuuzia maziwa. Alikuwa akimwita mama yake.

"Niko hapa," Namalwa alijibu. Siku nzima alikuwa amedanganya kwa koti. Huu ndio uongo wa kwanza aliousema kwa hiari yake.

Hospitalini nesi mwenye sare ya buluu alimwona Namalwa, akamwendea moja kwa moja. "Sista, alizimia kwa muda gani? Presha yake ni ngapi?"

"Sijui."

Nesi alimtazama kwa dharau, akasukuma kitanda ndani. Kocha alibaki mlangoni akimpigia simu baba wa kijana, akishindwa kumaliza sentensi.

Simu ya Namalwa ililia. Obura.

"Imevunjika," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tumefutwa. Na Sydney ameshapeleka ripoti. Amesema ambulensi ilikuwa kamili, kila kitu kilikuwemo. Makosa ni ya nesi, aliondoka bila ruhusa."

"Nesi gani?"

"Alichukua jina lako." Kisha, kama mtu anayetafuta la kusema: "Wanyama anauliza koti yake."

"Mwambie sirudishi. Huyo Sydney akiniita, nitaenda nimeivaa."

Akakata.

Nesi wa buluu alitoka. "Anapumua, lakini kichwa lazima kipigwe picha, na mashine yetu imekufa. Anaenda Nairobi sasa hivi. Ambulensi yetu iko gereji tangu mwezi uliopita." Alielekeza kidole nje. "Bahati nzuri nyinyi mko na yenu."

Namalwa aligeuka. Nje, Muhumed alikuwa akikandamiza utepe mwekundu kwa kidole gumba. Alipoinua kidole, utepe ulibanduka tena.

"Hiyo ni gari ya maziwa," Namalwa alisema. "Ndani hakuna dawa. Nesi hakuna."

"Na wewe?"

"Mimi nafua jezi."

Nesi alilitazama koti, damu mpya juu ya doa la zamani.

"Gari tutatoa," Namalwa alisema. "Nyinyi toeni nesi."

"Niko peke yangu kwa zamu, mama. Mkubwa hatakubali."

"Muite huyo mkubwa aje aniambie mwenyewe."

Alisimama katikati ya mlango, pale ambapo kitanda kisingeweza kupita bila yeye kusogea. Hakusogea mpaka nesi alipogeuka na kuanza kukimbia kuelekea ofisini.